Kumjenga Mwanafunzi Afikiri Kijometri: Mwongozo kwa Mwalimu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili

Chora mraba ubaoni, upande wake mmoja ukiwa umelala sambamba na ukingo wa ubao, kisha uwaulize wanafunzi wa Kidato cha Kwanza ni umbo gani. Darasa zima litaitika: mraba. Sasa chora mraba uleule ukiwa umesimama kwa kona. Wengi watasita, wachache watasema rombasi (umbo lenye pande nne zinazolingana), na wale wanaocheza karata watakuambia hiyo ni uru. Pande ni zilezile na pembe ni zilezile. Kilichobadilika ni mkao tu, na huo mkao ndio waliokuwa wakiutambua muda wote.

Mwanafunzi huyu amefaulu darasa la saba. Anajua eneo la mstatili ni urefu mara upana, na ukimpa vipimo atakupa jibu. Lakini muda si mrefu ataombwa kuthibitisha kwamba pembetatu mbili zinalingana kabisa, na kati ya pale alipo na pale anapotakiwa kuna madaraja ambayo hakuna aliyempandisha. Basi anafanya jambo moja analoliweza, anakariri. Mwongozo huu ni wa kumpandisha. Nimeuandika nikimfikiria mwalimu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili Tanzania, pamoja na mwenzake wa gredi ya 7 hadi ya 9 nchini Kenya, mwenye darasa kubwa, ubao mmoja na mikebe ya hisabati isiyotosha.

Yajue kwanza madaraja yenyewe

Mwaka 1957, mume na mke waliokuwa walimu wa hisabati wa sekondari nchini Uholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, waliwasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walikuwa wakisumbuliwa na jambo hili linalotusumbua sisi: mwalimu anaeleza, mwanafunzi anatikisa kichwa, kumbe hakuna kilichoingia. Dina alifariki muda mfupi baada ya hapo, na Pierre akaendelea kuifafanua kazi yao kwa miaka mingi.

Waliona kwamba fikra ya kijometri hupita madaraja matano. Katika daraja la kwanza mtoto hutambua umbo kwa sura yake: huu ni mstatili kwa sababu unafanana na mlango. La pili ni la kuchambua, ambapo umbo hugeuka kuwa mkusanyiko wa sifa: pande mbilimbili zinazolingana, pembe nne za nyuzi 90. La tatu ni la kuzipanga sifa hizo, yaani kuona ipi inaivuta ipi, na kwa hiyo kuelewa kwa nini mraba nao ni mstatili. La nne ni uthibitisho rasmi, na la tano ni kulinganisha mifumo mizima ya jometri, kazi ya chuo kikuu.

Mambo matatu kutoka kwao yafaa yakae kichwani kila unapoandika andalio la somo. Kwanza, daraja halirukwi. Pili, kinachompandisha mtoto ni mafundisho aliyopata, si umri; anaweza kufika miaka 20 akiwa bado daraja la kwanza. Tatu, kila daraja lina lugha yake, na watu wawili walio madaraja tofauti hutumia maneno yaleyale bila kuelewana. Ukisema "mstatili", wewe unamaanisha pembenne yenye pembe zote za mraba, naye anamaanisha kitu kirefu kuliko kilivyo kipana.

Kazi ya miaka hii ya mwanzo wa sekondari ni kumtoa mtoto daraja la kwanza hadi la tatu, na kumwonjesha la nne. Ukianzia la nne, unafundisha darasa ambalo halipo.

Hatua ya kwanza: Pima walipo

Kabla ya mada yoyote ya jometri, toa karatasi yenye maswali manne. Dakika 20 zinatosha, na usitoe alama.

Swali la kwanza: chora pembetatu tatu, kila moja iwe tofauti kabisa na nyingine. La pili: weka maumbo kumi hivi, yakiwemo mraba uliosimama kwa kona, pembetatu nyembamba iliyochongoka kuelekea chini, na umbo lenye pande tatu ambalo upande wake mmoja umepinda. Wataje ipi ni mraba, ipi ni pembetatu, na waandike sababu. La tatu: mtu amechora mstatili ambao pande zake zote zinalingana, je, bado ni mstatili? La nne: pembenne ina mishazari miwili yenye urefu sawa (mshazari ni ule mstari unaounganisha kona mbili zinazotazamana), je, ni lazima iwe mstatili?

Usikimbilie kuangalia jibu, soma sababu. Aliyechora pembetatu ileile ndogo, ya kati na kubwa, zote zimekalia kitako, yuko daraja la kwanza. Aliyeandika "si pembetatu kwa sababu imepinduka" naye yupo hapohapo. Aliyeorodhesha kila sifa anayoijua, hata zisizohitajika, yuko la pili. Atakayejibu swali la tatu kwa kusema "ndiyo, kwa sababu pembe zake nne bado ni za mraba" ameshaligusa daraja la tatu, na huyo utamhitaji baadaye katika vikundi. Swali la nne ni la kutazama tu kama yupo anayejaribu kuchora mfano wa kulikanusha.

Hatua ya pili: Ivunje picha moja iliyokaa kichwani

Vitabu vingi huchora pembetatu ikiwa imekalia kitako na mstatili ukiwa umelala. Mtoto akiona picha hiyo mara mia, anaichukua kuwa ndiyo maana ya umbo lenyewe. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kila unapochora ubaoni, geuza. Trapeza (pembenne yenye jozi moja ya pande sambamba) upande mfupi uwe chini. Pembe mraba ya pembetatu iwe juu kushoto. Chora pembetatu yenye pembe ya nyuzi 160 na uulize kimo chake kiko wapi. Wengi hawajawahi kuona kimo kinachoangukia nje ya umbo.

Na onyesha visivyokuwa. Mtoto hujifunza mraba vizuri zaidi akiuona kando ya rombasi iliyokaribia kuwa mraba lakini bado kidogo, yenye pembe za nyuzi 85 na 95. Mwache abishane nayo, achukue kipimapembe, aone mwenyewe kwamba macho yalimdanganya.

Hatua ya tatu: Wape vigae

Hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Dina aliwafundisha wanafunzi wake wa miaka 12 kwa kutandaza vigae, na zoezi hili linafanyika kwa boksi la dukani na mkasi au wembe.

Kila kikundi cha watu wanne kikate pembetatu moja kutoka kwenye boksi, pande zote tatu ziwe na urefu tofauti, mathalani kati ya sentimita 5 na 9. Kona zake wazipake rangi tatu upande mmoja wa boksi: nyekundu, buluu, kijani. Sasa waiweke juu ya karatasi ya manila, waizungushie penseli, waweke alama za rangi ndani ya kona. Kisha waizungushe nusu mzunguko, upande wake ukutane na upande uleule wa pembetatu iliyochorwa, wachore tena. Waendelee hadi karatasi ijae bila kuacha nafasi.

Utaona kosa moja karibu kila mara: badala ya kuizungusha, mtoto anaipindua, rangi zinaangalia chini. Umbo linalotokea ni tiara (pembenne yenye jozi mbili za pande jirani zinazolingana) badala ya msambamba (pembenne ambayo pande zake zinazotazamana ziko sambamba), na mistari inavunjika haiendi moja kwa moja. Usimsahihishe haraka. Muulize kwa nini mistari ya jirani yake imenyooka na yake haikunyooka. Jibu lake litakuwa ndiyo mara ya kwanza anazungumzia mizunguko na viakisi bila kujua kwamba ni mada ya baadaye.

Karatasi ikijaa, waambie wanyamaze watazame, kisha waulize wanaona nini. Wapo watakaoona misambamba, wapo watakaoona pembetatu kubwa iliyojengwa kwa ndogo nne. Waelekeze macho kwenye nukta moja ambapo kona zinakutana. Hapo zipo kona sita: nyekundu mbili, buluu mbili, kijani mbili. Ukichukua upande mmoja tu wa mstari ulionyooka unaopita kwenye nukta hiyo, ziko tatu, moja ya kila rangi. Kwa hiyo nyekundu, buluu na kijani zikikaa pamoja zinafanya mstari ulionyooka. Nyuzi 180, na hakuna aliyeshika kipimapembe.

Halafu wafundishe kutafuta vitu viwili ambavyo Dina na Pierre waliwafundisha wanafunzi wao kuvitafuta: misumeno na ngazi. Msumeno ni ule mstari unaokwenda kwa meno kati ya mistari miwili sambamba, na kona za ndani za meno yake zina rangi moja. Ngazi ni mstari mmoja mrefu unaokatwa na vidato sambamba, na kona zilizo upande mmoja wa kila kidato zina rangi moja. Wakipita na kalamu wakiikoleza misumeno na ngazi, wameshazipata kanuni zote mbili za pembe za mistari sambamba kwa mkono wao. Majina rasmi ya Kiingereza ya mtihani utayaleta wiki inayofuata, na yatakaa, kwa sababu yana mahali pa kukaa.

Hatua ya nne: Waache waseme kwa lugha wanayofikiria

Mtoto wa shule ya msingi ya serikali Tanzania amesoma hisabati kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza na kukuta kila kitu kwa Kiingereza. Ukimnyima nafasi ya kueleza alichokiona kwa maneno yake, hutajua kama tatizo lake ni jometri au ni lugha. Msimamo wangu ni huu: mabishano kwenye kikundi yawe kwa Kiswahili, hitimisho liandikwe kwa Kiingereza, na daftari liwe na ukurasa wa maneno yanayotumika katika lugha zote mbili, kila neno na mchoro wake.

Zoezi linalofanya kazi vizuri ni la kukaa mgongo kwa mgongo. Mmoja ana mchoro, mwenzake ana karatasi tupu na rula. Mwenye mchoro anaeleza, mwenzake anachora, hakuna kugeuka wala kuonyesha kwa mkono. Mara ya kwanza utasikia "chora kitu kama nyumba, halafu hapa pembeni weka kama mkia". Mchoro unatoka vibaya, wanacheka, wanabadilishana. Ikifika raundi ya tatu au ya nne unaanza kusikia "chora mstari wa sentimita 6, mwisho wake wa kulia jenga pembe ya nyuzi 70 kwenda juu, mstari huo uwe sentimita 4, kisha rudi sambamba na ule wa kwanza". Huyo amevuka kutoka sura kwenda sifa, nawe umelisikia daraja likivukwa kwa masikio yako.

Hatua ya tano: Wapime, waandike, wasiamini haraka

Sasa ndipo rula na kipimapembe viingie. Kila kikundi kipewe pembenne sita: mraba, mstatili, msambamba, rombasi, trapeza na tiara. Wapime pande, pembe na mishazari, wajaze jedwali. Mkebe mmoja kwa kikundi unatosha.

Vipimo vitatofautiana, na hilo ni la faida. Jumla ya pembe za pembetatu itatokea 178 kwa kikundi kimoja na 181 kwa kingine. Usiwaambie wakadirie kuwa 180. Ziandike ubaoni zote kama zilivyo, kisha uliza: je, pembetatu nyingine zina nyuzi nyingi kuliko nyingine, au ni vipimo vyetu? Tutajuaje, wakati hata tukipima elfu moja kipimapembe kitakuwa kilekile? Mtoto akishakwama hapo, ndipo anapoanza kuhitaji sababu. Uthibitisho unaoletwa kabla ya shaka hii huonekana kama adhabu.

Hatua ya sita: Sifa ipi inaivuta ipi

Darasa likishajaza jedwali, lina orodha ndefu ya sifa ambazo hazijuani. Kazi ya daraja la tatu ni kuziunganisha kwa "kama… basi…".

Anza na vijiti vinne vilivyofungwa kona kwa uzi au kwa misumari midogo, viwili virefu vinavyolingana na viwili vifupi vinavyolingana. Vikae kama mstatili. Sukuma kona moja. Pande zinazotazamana bado zinalingana, bado ziko sambamba, lakini pembe za mraba zimetoweka. Kwa hiyo kulingana kwa pande zinazotazamana hakuvuti pembe mraba. Je, kinyume chake? Kama pembe zote nne ni za mraba, unaweza kuzifanya pande zinazotazamana zisilingane? Waache wajaribu kuchora. Hawataweza, na watataka kujua kwa nini.

Kisha chukua vijiti viwili tu, viwe mishazari. Zoezi hili nalipenda kuliko yote ya sura ya pembenne. Viweke vikatane, ziunganishe ncha zake nne kwa uzi, uulize umbo gani limepatikana. Vijiti vyenye urefu tofauti vikikatana katikati ya kila kimoja: msambamba. Vikikatana katikati na kwa pembe mraba: rombasi. Vyenye urefu sawa vikikatana katikati: mstatili. Urefu sawa, katikati, na kwa pembe mraba: mraba. Sasa sogeza, vijiti vyenye urefu sawa vikatane popote pasipokuwa katikati. Umbo si mstatili tena, na swali la nne la ile karatasi ya mwanzo limejibiwa na mkono wa mtoto mwenyewe.

Kutoka hapo mpeleke kwa fundi seremala. Fundi anayepima fremu ya mlango hupima kona hadi kona, kisha anapima zile kona nyingine mbili, na vipimo viwili vikilingana anaridhika. Waulize wanafunzi: mbona tumeona kwamba mishazari kulingana peke yake haitoshi? Fundi anakosea? Jibu wakilipata wenyewe litawakaa: fremu yake tayari ina pande zinazotazamana zilizokatwa sawa, kwa hiyo ni msambamba, na msambamba wenye mishazari sawa hauna budi kuwa mstatili. Anayetaka kuthibitisha achore, aone pembetatu mbili zenye pande tatu zinazolingana, na pembe mbili zinazopakana ambazo ni sawa na jumla yake ni 180.

Swali la mraba kuwa mstatili litaleta kelele, nawe liruhusu lilete. Usilimalize kwa amri. Mwambie mwanafunzi anayepinga aandike maana ya mstatili kwa sifa chache kadiri awezavyo, kisha aupitishe mraba kwenye maana yake mwenyewe. Akiandika "pembenne yenye pembe nne za mraba", mraba unapita. Akitaka uzuiwe, itabidi aongeze "na pande zisilingane zote", na hapo mwambie ajaribu kuyaandika upya yale ya mishazari kwa maana hiyo mpya. Kila kanuni itadai kuandikwa mara mbili. Ukihitaji mfano wa kumsaidia: kila mwanafunzi wa mkondo wa Kidato cha Kwanza A ni mwanafunzi wa shule hii, na hakuna anayeona ajabu kuwa na majina mawili kwa wakati mmoja.

Hatua ya saba: Bikari isiwe mazingaombwe

Mwanafunzi hufundishwa kuugawa mstari katikati hivi: fungua bikari zaidi ya nusu, chora tao juu na chini kutoka ncha moja, rudia kutoka ncha nyingine, unganisha makutano. Anafanya, anapata alama, hajui kwa nini mstari umegawanyika.

Muulize swali moja: ukiunganisha ncha mbili za mstari na makutano mawili ya matao, unapata umbo gani? Bikari haikubadilishwa ufunguo, kwa hiyo pande zote nne zinalingana. Ni rombasi. Na mishazari ya rombasi, kama vile vijiti vilivyotuonyesha, hukatana katikati na kwa pembe mraba. Mstari uliopewa ni mshazari mmoja, ulioujenga ni wa pili. Basi.

Mpe sasa kazi ya kuigawa pembe sehemu mbili sawa na aitafute rombasi au tiara iliyojificha humo. Kisha kushusha mstari wima kutoka nukta iliyo nje ya mstari. Kila mara kuna pembenne yenye mishazari inayokatana kwa pembe mraba imelala ndani. Darasa likishaliona hilo, hatua za bikari hazihitaji kukaririwa. Bikari zikipungua, tokeni nje na kamba na vijiti viwili mchangani; michoro inakuwa mikubwa na makosa yanaonekana.

Hatua ya nane: Uthibitisho wa kwanza

Rudi kwenye ile jumla ya 180. Darasa limeiona kwenye vigae na limeitilia shaka kwenye vipimo. Sasa chora pembetatu yoyote, na kupitia kona ya juu chora mstari sambamba na kitako. Usiseme lolote. Uliza: misumeno iko wapi?

Wataona msumeno mmoja kushoto na mmoja kulia. Pembe ya kushoto ya kitako imepanda juu, ya kulia imepanda juu, na pembe ya tatu tayari ilikuwepo katikati. Tatu hizo zimekaa kwenye mstari ulionyooka. Uliza tena: je, tumetumia kipimo chochote? Tumesema popote kwamba pembetatu iwe kubwa, ndogo, au yenye pembe butu (inayozidi nyuzi 90)? Hapana. Kwa hiyo inahusu zote, hata ambazo hakuna atakayezichora.

Wakishatulia na hilo, waendeleze: pembenne ni pembetatu mbili, kwa hiyo 360, pembetano ni tatu, kwa hiyo 540, umbo la pande n ni pembetatu n−2. Waache waipate kanuni wenyewe. Inachukua dakika chache tu kama mlango wa kwanza umefunguliwa vizuri.

Kanuni ya Pythagoras (katika pembetatu yenye pembe mraba, upande mrefu ukizidishwa kwa wenyewe ni sawa na jumla ya zile pande mbili nyingine, kila mmoja ukizidishwa kwa wenyewe) nayo ina nafasi hapa, hasa kinyume chake. Fundi wa msingi wa nyumba hupima sentimita 60 kwenye kamba moja, 80 kwenye ya pili, na akipata 100 kati ya alama hizo anajua kona imekaa mraba, kwa kuwa 3600 na 6400 ni 10,000. Waulize wanafunzi: Pythagoras anasema kama pembe ni mraba basi vipimo vitakuwa hivi, lakini fundi anakwenda upande wa pili, kutoka vipimo kwenda pembe. Anaruhusiwa? Tumeona mara ngapi sentensi ambayo ni kweli ikienda na si kweli ikirudi? Hii ni kweli pande zote mbili, lakini mwanafunzi aliyezoea kuuliza swali hilo ameshaiva.

Kama shuleni kuna simu au kompyuta

Programu ya GeoGebra ya kuchorea maumbo ya jometri, iliyoanzishwa na Markus Hohenwarter wa Austria mwaka 2001, ni ya bure. Simu moja ya mwalimu au kompyuta ya ofisini inatosha kwa kikundi kimoja kwa zamu. Usiwaambie "chora mraba", kwa sababu watauchora kwa kukadiria. Waambie: jengeni mraba usioharibika mtu akiiburuta kona yoyote. Atakayetumia macho, mraba wake utapinda mara moja. Atakayetumia sifa, utabaki mraba ukikua na kuzunguka.

Muda, na namna ya kutunga maswali

Katika tasnifu yake Dina alieleza kwamba kuwatoa wanafunzi wake daraja la kwanza hadi la pili kulichukua vipindi 20, na kutoka la pili hadi la tatu vipindi 50. Ratiba yako haina vipindi hivyo mfululizo, najua. Visambaze: vigae muhula wa kwanza, vijiti muhula wa pili, dakika kumi za mgongo kwa mgongo kila baada ya wiki mbili, na mada nyingine ziendelee katikati. Usichokiweza ni kuvibana vyote kwenye wiki ya mwisho kabla ya mtihani.

Maswali ya "tafuta x" yabaki, kwa kuwa mtihani unayo, lakini kila swali liambatane na mstari mmoja wa sababu, na sababu iwe na alama nyingi kuliko jibu. Kando yake weka maswali ya kujibiwa kwa "siku zote", "mara nyingine" au "kamwe". Haya matano yanatosha kuanzia: rombasi ni msambamba, msambamba una mhimili wa ulinganifu, pembetatu ina pembe butu mbili, pembetatu pacha (yenye pande mbili zinazolingana) ina pembe butu, pembenne ambayo mishazari yake inakatana kwa pembe mraba ni rombasi.

La kwanza ni siku zote na la tatu ni kamwe, na kwa hayo mawili dai sababu kwa sentensi. Mengine matatu ni mara nyingine, na kwa kila moja dai michoro miwili: mmoja unaokubali na mmoja unaokataa. Mwanafunzi atakayekuletea tiara kwa lile la tano, bila kukumbushwa vijiti, mpandishe kwenye maswali ya uthibitisho kuanzia wiki hiyohiyo. Atakayeleta mchoro mmoja tu, mrudishie vijiti viwili na uzi, na umwachie kipindi kizima avichezee.